Kuna mtu ametumia kompyuta kusoma maandishi ya wanachuo ili ajue mapema nani anazama?

Ticha_Soweto (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Nafundisha stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja hapa Moshi, jina niliache maana sijatumwa kukisemea. Darasa ni kubwa, wengine wanasikilizia madirishani, kusahihisha tunagawana na mwenzangu mmoja tu, kwa hiyo majina tunayajua kwenye karatasi, sura hatuzijui. Kila mwaka inajirudia, mtu anaingia vizuri, tesiti ya kwanza anachechemea, ya pili hatokei, matokeo yakibandikwa ana sapu nne (mitihani ya kurudia), semista inayofuata unasikia kadisko, yaani kaondolewa chuo. Ukiwauliza wenzake wanakwambia mbona huyo tangu mwezi wa kumi na moja alikua anasema anarudi kwao Same, bumu (ile hela ya kujikimu ya mkopo) halijatoka, hosteli kakosa, analala kwa mtu Majengo. Yaani kila mtu alikua anajua kasoro sisi.

Sasa kila mwanzo wa mwaka huwa tunawaandikisha aya mbili kwenye fomu ya Google, jieleze umetoka wapi, kozi hii umeichagua kwa nini, nini kinakutia wasiwasi. Wanaandika kwa simu, huyu Kiingereza, yule Kiswahili, wengi wanachanganya. Tunapitia juujuu kuona Kiingereza chao kiko wapi, basi, zinabaki kwenye kompyuta. Juzi wamekuja jamaa wa kampuni kuuza mfumo, wanasema mashine inasoma alichoandika mwanafunzi inakwambia huyu atafaulu huyu atafeli, na kwamba Marekani wameshaanza zamani. Mkuu wa idara kashaupenda. Mimi moyo unasita lakini hoja sina. Hii kitu ina ukweli? Na kwa watoto wetu ambao Kiingereza ni lugha ya tatu itakua inasoma nini hasa? Wenye ujuzi naombeni msaada, matusi pembeni.

Mbege_Baridi

Ngoja waje wajuzi mkuu, mi nimevuta kiti nasubiri. Ila huyo wa kampuni muulize kwanza kama mashine yake inaelewa "xaxa cjui ntafanyaje" 😂

Chalii_wa_Njiro (Arusha)

Ticha ukweli upo, ila sio ule anaouuza jamaa. Nafanya kazi za data hapa Chuga na hizi habari nimezifuatilia kidogo, nivumilie itakua ndefu.

Wazo lenyewe ni la zamani, huko Marekani kulikua na mtu anaitwa Ellis Page alishaanza kuongelea kompyuta kusahihisha insha mwaka 1966. Lakini ile ya kutabiri nani atafanya vizuri chuoni, kazi inayotajwa sana ni ya James Pennebaker na wenzake, Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, ilitoka 2014. Walichukua insha ambazo wanafunzi waliandika wakati wa kuomba chuo, zaidi ya insha 50,000 za watu zaidi ya 25,000, wakazilinganisha na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, za watu haohao miaka yote minne. Mtoto kaandika kuhusu nini hawakuhangaika nako. Walihesabu vile vineno vidogo ambavyo mtu haviwazi akiwa anaandika, upande mmoja "the", "a", "of", "in", upande wa pili "I", "she", "was", "but", "not". Waliokua wanatumia sana hivyo vya kwanza, yaani wanaopenda kupanga vitu kwenye makundi na kuonyesha kipi kinahusiana na kipi, GPA zao zilikua juu kidogo. Wanaosimulia, mimi nikafanya hivi yeye akasema vile, chini kidogo. Programu yenyewe inaitwa LIWC na haina uchawi wowote, ina orodha ya maneno, inahesabu kwenye kila maneno mia yako mangapi ni ya kundi gani, imemaliza.

Hilo "kidogo" usiliruke. Ukiwa na watu 25,000 unaona mwelekeo, ukiwa na mtoto mmoja amekaa mbele yako haikusaidii kitu. Na wenyewe kwenye muhtasari wao wanasema matokeo yanadokeza aina ya fikra ambayo vyuo vinaizawadia. Hawakusema anayesimulia hana akili, wamesema anayesimulia hazawadiwi, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sasa ilete Moshi. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili akaanza kupambana na Kiingereza fomu wani, kitu cha kwanza kinachomponyoka ni hiyohiyo "the", kwa sababu lugha anayofikiria haina kitu kama hicho. Mwenzie aliyepita shule za ingilishi midiamu anaimwaga bila kufikiri. Ukiendesha hesabu ya Texas kwenye fomu zako itakupa orodha safi kabisa ya nani alisoma shule gani ya msingi, halafu jamaa wa kampuni atakwambia hiyo ni orodha ya watakaofeli. Na hata hukohuko kwao tatizo wameshaliona, kuna kazi ya 2021 imetumia maombi 60,000 ya Chuo Kikuu cha California, wakakuta maudhui ya insha yanashabihiana na kipato cha familia kwa nguvu kuliko hata alama za SAT, ule mtihani wao wa kuombea chuo. Kwa hiyo ukiiambia mashine nitafutie wa kufaulu inaweza ikakutafutia watoto wa kishua.

Binti_Kibosho

Naomba niseme kama mwanafunzi maana huku mnaongea nyie walimu tu. Niko mwaka wa tatu, chuo sitakitaja. Tulikusanya ripoti za fildi, ya kwangu ikarudi imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba programu imeona sehemu kubwa imeandikwa na mashine. Ile ripoti nimeiandika usiku kwa usiku, simu inazima chaji narudia. Kiingereza changu ndo kile cha "furthermore" na "in conclusion", ndo tulichokaririshwa tangu fomu tuu na ndo kilichotupa B za nekta, leo kimegeuka ushahidi kwamba sikuandika mimi! Nikaitwa ofisini, nikaulizwa maswali ya ripoti yote mwanzo mwisho, nikajibu, alama nikarudishiwa. Ila kuna wenzangu hawajui kujitetea mbele ya lekchara, wakaona bora wakubali waandike upya yaishe.

Baadae nikaja kusoma kwamba 2023 watafiti wa Stanford walijaribu programu saba za namna hiyo kwenye insha 91 za TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza kwa wageni, ambazo zimeandikwa na watu wasiozaliwa na Kiingereza, na kwa wastani zaidi ya asilimia 60 zikaitwa za mashine. Za watoto wa shule wa Kimarekani karibu zote zikapita. Sababu ni kwamba programu inapima kama maneno yanayofuata yanatabirika, na mtu mwenye maneno machache anatabirika, ndivo tulivo. Mwaka huohuo OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walikua na kipimo chao wakakitoa kwa kuwa hakikua sahihi vya kutosha. Sasa Ticha kabla hamjanunua naomba uulize, hiyo mashine ikikosea anayeitwa ofisini ni nani, mashine au sisi?

Mzee_wa_Malezi (Arusha)

Pole binti, na asante kwa kulisema.

Mimi ni mshauri wa wanafunzi kwa miaka mingi, niko chuo kingine upande huu wa Usa River. Nina swali dogo tu kwa mwalimu. Mfumo ukikupa majina, tuseme sitini, Jumatatu asubuhi, nani anawapigia simu? Maana ofisi yangu mimi haina watu wa kupiga simu sitini, na mwanafunzi ambaye umemwekea alama nyekundu halafu hukumtafuta umemfanyia nini zaidi ya kumpaka rangi?

Halafu kuna namna ya kumwita. Ukimwambia "mfumo umekutaja" anafunga mdomo hapohapo, anaanza kuwaza mkopo wake, anawaza nani kamsemea. Lakini ukimwambia "uliandika kwamba hujapata pa kulala, umepata?" anaongea mpaka unatafuta leso. Watoto wanasema, mwalimu. Hapo kwenye fomu yako mmeuliza nini kinakutia wasiwasi, wameshajibu, kilichokosekana ni wa kusoma. Sioni kwa nini mkanunue mashine ya kubashiri kitu ambacho mtu amekiandika kwa mkono wake.

La mwisho, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Mtoto alikuandikia zoezi la darasani, hakukubali lipelekwe kwa kampuni. Na sheria hiyohiyo inampa mtu haki pale uamuzi unaomhusu unapofanywa na mashine pekee. Muulizeni huyo muuzaji kama amejisajili kwenye Tume ya hiyo sheria, muone atakavyokohoa.

Kiboriloni_Mtumba

Mnazunguka sana. Enzi zetu lekchara alikua anapita kwenye vimbweta jioni anatukuta na madesa anauliza nyie vipi mmekula? Sasa hivi mnataka kompyuta iwapeleleze watoto. Na mkishaanza mjue mwakani wote wataandika hawana bumu 😂😂

Ticha_Soweto

@Kiboriloni_Mtumba mkuu napita sana tu, tatizo anayezama hakai kwenye kimbweta. Na wakiandika wote hawana bumu shida iko wapi, nitawaita, nitakula hasara ya soda.

@Chalii_wa_Njiro umenifungua macho hapo kwa "the". @Binti_Kibosho nimekusikia, hilo nitalipeleka kwenye kikao. Mzee wangu shikamoo, umenipiga palepale, ni kweli wameshasema. Sasa swali langu limebadilika kidogo. Nikiacha habari ya kubashiri, nikataka tu kuzisoma zile aya zote na kompyuta inisaidie kujua nianze na zipi, hata kwa Excel, inawezekana kwa Kiswahili? Maana zote kwa macho kwa wiki moja na kusahihisha juu, sitaweza.

Chalii_wa_Njiro (Arusha)

Inawezekana na hulipi mtu. Hapa ndo penyewe Ticha, tulia nikuonyeshe mitego maana Kiswahili kina vituko vyake.

Ukitafuta "ada" kwa ile tafuta ya kawaida, kompyuta inaangalia herufi, itakuletea kila "baada", kila "mada" na kila "badala", yaani darasa zima lina shida ya ada. Kwa hiyo majina ya vitu unayatafuta kama neno zima, ada, bumu, mkopo, hosteli, chumba, nauli. Ila ukija kwenye vitenzi inageuka, neno zima linakukosesha. Mmoja kaandika sijalipa, mwingine hatujalipwa, mwingine nimeshindwa kulipia, huwezi kuziandika zote, unatafuta shina "lip". Ukifanya hivyo nayo inakuletea "nilipofika" na "walipokuja" na "lipi", hizo unazichuja, nazo zina utaratibu wake, nyingi baada ya "lip" inakuja "o" au "i" moja ya mwisho, wakati za malipo nyingi zinakuja na "a" au "w" au "ia". Sio kamili, "nilipata" nayo itapenya, ila inapunguza takataka. Fanya hivyohivyo kwa "ugu" ya kuugua, "umw" ya kuumwa, "fiw" ya kufiwa, "kat" ya kukata tamaa hiyo iache itakutesa, tafuta "tamaa".

Kukanusha nako kuko ndani ya neno. Programu za Kiingereza zinahesabu "not" imekaa peke yake, kwetu "nimeelewa" na "sijaelewa" zote ni neno moja moja, kinachotofautisha ni vipande vya mbele. Kwa hiyo chochote kinachoanza na "sij", "siw", "hatuj", kiangalie. Na uongeze na tahajia zao, cjaelewa, cwezi, xaxa, kule Mbege kachekesha lakini ndo ukweli. Zipo programu zinazovunja kitenzi cha Kiswahili vipande vipande, Arvi Hurskainen wa Helsinki alitengeneza SALAMA, na vijana wa Masakhane wanafanya kazi nzuri kwa lugha za Afrika, ila vitu vingi vya namna hiyo vimelelewa na Kiswahili cha magazeti, "cjalipa bdo" utavipoteza.

Cha muhimu usitoe maksi. Usimpe mtu 7 kwenye 10 ya kuzama. Unapanga tu, aya zenye hayo maneno zinapanda juu, unaanza kusoma kwa macho yako kutoka juu, zilizobaki unazisoma wiki inayofuata. Mtu ambaye hakuandika neno lolote kati ya hayo hajasalimika, yeye kasogea tu kwenye foleni. Na walioandika mstari mmoja au kuacha wazi wapandishe juu pia, kunyamaza nako ni jibu.

Mama_Njoro

Naongezea kidogo, mi nafundisha takwimu. Kuna zoezi la Frederick Mosteller, alikua profesa wa takwimu Harvard, aliliandika 1989, mwisho wa kipindi anawauliza wanafunzi ni sehemu gani ya leo imekua na ukungu kuliko zote, wanaandika mstari mmoja wanaondoka. Mi nafanya hivyo kwa vikaratasi bila majina, na sasa hivi kwa simu. Hapo kompyuta inasaidia kwelikweli kwa sababu huhitaji kumjua nani, unataka kujua wangapi. Wiki niliyofundisha mgawanyo wa sampuli nilitoka darasani nikijua nimeeleweka maana kila nikiuliza wanaitikia "ndio madam", kuhesabu majibu neno "sampuli" limejaa ukurasa mzima. Kipindi kilichofuata nikarudia na mfano wa ndizi za soko la Mbuyuni, kwenye tesiti swali lile walilijibu.

Nasema hivi kwa sababu sio kila anayezama ana shida ya bumu. Wengine wanazama kwa sababu sisi tumekwenda mbio, na hiyo fomu ya mwanzo wa mwaka haitakwambia.

Mbege_Baridi

Madam umeupiga mwingi. Ila hao wanaoitikia "ndio madam" na wenyewe mashine inabidi iwajue 😅

Mzee_wa_Malezi (Arusha)

Marahaba mwalimu. Kuhusu hizo aya zinazopanda juu, ukikuta mtu kaandika hataki kuishi au kitu cha kufanana na hicho, hiyo sio ya foleni wala ya kikao, unatoka ofisini siku hiyohiyo unamtafuta wewe au mshauri. Panga hilo kabla hujafungua hata fomu moja, nani anaitwa, namba yake ipi, nani anashika zamu wikendi. Nimeshaona mahali karatasi ya namna hiyo inazungushwa ofisi kwa ofisi kutafuta saini.

Ticha_Soweto

Nimeandika yote. Nitakachofanya ni hivi, fomu ya mwanzo wa mwaka inabaki ila juu yake naweka mistari miwili ya wazi, kwamba hii haina maksi, anayesoma ni mimi na mshauri wa wanafunzi, haiendi kwingine. Halafu naongeza fomu fupi wiki ya nne, maana mwanzoni kila mtu ana furaha ya kuchaguliwa na ameandika "nashukuru Mungu nimefika chuo", ukweli unaanza hela ya kwanza ikiisha. Na vikaratasi vya ukungu vya madam naviiba kama vilivyo.

Kwa mkuu wa idara naenda na maswali ya kuwapa kampuni, hiyo mashine imejifunza kwa maandishi ya wanafunzi wa wapi, kuna hata mmoja aliyesoma kwa Kiswahili, inamkosea nani zaidi, data inakaa nchi gani, na kama ile hela ya leseni haitoshi kumlipa mshauri wa pili. Hilo la mwisho nadhani ndo litaleta kelele.

Binti_Kibosho

Ticha mimi ningekua mwaka wa kwanza ningeandika ukweli kwenye fomu kama hiyo. Ila iwe Kiswahili ruksa, iandikwe kabisa ruksa, maana somo lenyewe ni la Kiingereza mtu ataogopa kwamba unampima sarufi. Kusema huna hela kwa Kiingereza kibovu mbele ya mwalimu wa Kiingereza ni aibu mara mbili.

Mzee_wa_Malezi (Arusha)

Na uweke sehemu ya namba ya simu ya mtu wa karibu, kwa hiari. Wakianza kukwama cha kwanza kuuzwa ni simu, utapiga mpaka uchoke.

Ticha_Soweto

Hiyo ya namba sikuiwaza kabisa mzee, naiongeza leo, na ruksa ya Kiswahili naiweka mstari wa kwanza. Wakuu kampuni wakileta majibu ya maswali nitayabandika hapahapa kwenye uzi. @Chalii_wa_Njiro ile orodha ya mashina kama unayo kwenye faili nirushie inbox tafadhali.